Wa Kwenda Nao Newala

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana katika habari hii wapo wengi wa kushukiwa: yupo kijana anayeendesha pikipiki kama ameiiba dakika hiyo hiyo, yupo mwalimu mstaafu anayeendesha kama anasindikiza jeneza, na yupo mzee wa Newala mwenye ulimi wa kukwangulia kutu. Kila mmoja alikuwa na kosa lake, na mimi niliyataja yote kwa sauti, mbele za watu. Hata hivyo mjinga nilikuwa mimi, Gideoni, fundi pikipiki wa Mkomaindo, pale Masasi, mwenye chuma ndani ya mguu wa kushoto tangu enzi zangu za bodaboda, nilipoingia chini ya lori la korosho lisilokuwa na taa nikatokea upande wa pili nikiwa na akili zaidi. Au ndivyo nilivyodhani.

Dada yangu mkubwa, Julia, anaishi Lulindi. Analima, na ni kiongozi wa akina mama kanisani. Mwanawe Cecil ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole kiasi kwamba ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Ilikuwa miaka mitatu tangu Cecil ampate binti wa Newala, Veridiana, na miaka mitatu ndoa haisogei. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno katika ndoa yake ni mjomba; baba hukaa pembeni akanywa chai. Kwa hiyo Cecil alinitegemea mimi, na Veridiana alikuwa mkononi mwa mjomba wake, Mzee Nikolao, ambaye alikuwa amekwisha kutunyima siku ya kuposa mara mbili.

Mara ya tatu alimpigia Julia simu mwenyewe.

"Njooni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi," alisema. "Msizidi watano. Njooni pamoja, mjomba wa kijana akiwa mbele. Hilo likiwashinda, msirudi tena. Kuna nyumba moja ya Kitangari imeshabisha hodi hapa, na wao hawanichoshi."

Julia alitaka tukodi gari. Nikamwambia haifai, barabara bado inatengenezwa, na kwenye ile michepuko gari litazama kwenye vumbi hadi milangoni. Huo ulikuwa uongo wa kitaalamu. Nilichotaka ni msafara. Nilikuwa nimekwisha kujiona akilini: pikipiki tatu zimeng'arishwa, taa zinawaka mchana kweupe, mimi mbele, na Newala nzima inatoka milangoni kuuliza ni nani huyo.

Ikabaki kutafuta wa kwenda nao. Nikatangaza gereji, nikatangaza kwenye kundi letu la simu, na watu wakajitokeza, kwa kuwa mafuta nilisema nitajaza mimi. Nikawapima kwa kipimo changu. Nilikuwa ninaamini kwamba safari ndefu na mtu asiyecheka ni kifungo, hivyo kila aliyekuja nilimtania jambo moja zito, nikamtazama mdomo.

Mudathiri, mwendeshaji mzuri kuliko wote wanaoleta pikipiki kwangu, nilimwambia, "Wewe nitakuchukua, lakini kichwa chako hakuna helmeti itakayokitosha, itabidi tukuvalishe sufuria la shughuli."

Hakucheka. Aliniuliza, "Nani anatangulia? Tunasimama wapi na wapi? Na mwenye pancha anasubiriwa au anaachwa?"

"Wewe, tunakwenda kuposa au tunakwenda vitani?"

"Nimekuuliza, fundi."

"Basi nenda nyumbani ukajiulize," nikamjibu, na jina lake nikalifuta.

Jafari yeye alicheka kabla sijamaliza sentensi. Nilimwambia ana miguu ya bata, akacheka mpaka akashika meza ya spana. Kijana wa miaka ishirini na sita, ekzosi imetobolewa makusudi ili ilie, na kioo cha pembeni kimoja tu, anachotumia kutengenezea nywele. Nikasema huyu ndiye. Hata sikumuuliza kama aliwahi kuendesha na mwenzake.

Mtu wa tatu alinichagulia Julia, na hapo ndipo tulipoanza kununiana, wiki nzima kabla ya safari.

"Mimi nitapanda kwa Mwalimu Walter," alisema kwenye simu.

"Dada! Mwalimu Walter tutafika naye Krismasi."

"Afadhali nifike Krismasi nikiwa na meno."

"Yule mzee akipitwa na kuku anasimama kumpisha apite vizuri."

"Baba Glory," akaniambia, na Julia akiniita kwa jina la mwanangu namna hiyo, taratibu, ujue amekunja ndita, "mimi nina mtoto mmoja. Kama ndoa hii itaharibika, isiharibike kwa sababu mama mtu yuko wodini."

Jumamosi hiyo tuliondoka Mkomaindo nusu saa baada ya muda, kwa kuwa Jafari alikuwa akipaka tairi rangi nyeusi. Tulipoingia Lulindi, watoto walikimbia nyuma ya ile ekzosi na mbwa wawili wakaingia vichakani. Julia alikuwa amesimama uani na kitenge kipya. Cecil alikuwa ndani ya suti ya kijivu, anatoka jasho tangu saa hiyo. Mwalimu Walter alikuwa amechuchumaa, anapima upepo wa tairi kwa kidude chake, amevaa koti la mvua mwezi wa kumi.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema. "Unategemea mafuriko?"

"Marahaba. Ni la vumbi. Wewe la kwako liko wapi?"

"Mimi vumbi linanijua."

Jafari akacheka. Mwalimu hakucheka. Alinyoosha mgongo kwa awamu, akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika vituo: tutasimama hapa, tutapoza injini pale, chini ya mlima tutasubiriana wote. Juu ya karatasi aliandika kwa wino mwekundu na kupigia mstari: Mwenye mwendo mdogo ndiye atakayetangulia.

"Hapana," nikasema. "Mzee Nikolao ametaka mjomba mbele."

"Ametaka mjomba mbele akifika. Njiani anatangulia wa polepole, ili asiachwe."

"Mwalimu, nikikaa nyuma yako nitasinzia nianguke."

"Basi utakuwa umeanguka pamoja na wenzako," akasema, akaikunja ile karatasi mara nne na kuirudisha mfukoni kama cheti cha kuzaliwa. "Nimefundisha miaka thelathini na nne. Nawajua wanafunzi wa dawati la nyuma. Wewe ni mmojawao."

Julia akaingilia. "Cecil anapanda kwa nani?"

Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipozaliwa. Nyuma ya pikipiki yangu nilikuwa nimefunga sanduku la zawadi: vitenge, shuka na sufuria za mama mkwe. Cecil angetosha kwa kujibana. Lakini mlima wa kupandia Newala una kona, na sikutaka uzito nyuma, nikaogopa pikipiki itakohoa Jafari anione. Nikasema, "Apande kwa Jafari. Ana kiti kizuri."

"Kwa huyu?" Julia akamtazama Jafari kuanzia viatu.

"Mama, mimi nabeba mayai hadi Nachingwea, halivunjiki hata moja," Jafari akasema.

"Mwanangu si yai."

"Kwa jinsi alivyo kimya, mama, hata mimi sina hakika."

Nilicheka mimi peke yangu. Cecil akapanda, akamshika Jafari kiunoni kama mtu anayekumbatia mti wakati wa mafuriko. Barua ya posa ilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya koti. Saa mbili kasoro robo tukaondoka, na kwa kilomita tano za kwanza tulikuwa msafara kweli.

Kisha Jafari akapiga honi mbili, akatuinulia mkono, akapotea. Sauti ya ekzosi ilizidi kuwa ndogo mbele yetu hadi ikawa kama nyuki, na hatimaye ikanyamaza kabisa. Nikapiga honi. Nikawasha taa. Nikamtukana ndani ya helmeti, ambako aliyesikia ni mimi tu. Nikatazama nyuma: Mwalimu Walter na dada yangu walikuwa nukta moja kwenye vumbi, nukta isiyokua.

Ungefanya nini? Mbele kuna kijana wa kuoa, nyuma kuna mama yake. Nikasema nimfukuze aliye mbele, nimrudishe. Nikavuta mafuta hadi mwisho. Kwenye mchepuko wa pili lori la kokoto lilikuwa mbele yangu, na nikalipita katikati ya wingu lake mwenyewe, nikiwa nimefumba macho na kufungua mdomo, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote. Nilipotokea upande wa pili nilikuwa mwekundu kuanzia kope hadi soksi. Jafari hakuonekana.

Chini ya mlima nikasimama. Nikampigia Jafari, simu inaita tu. Nikampigia Cecil, imezimwa. Baadaye alisema aliizima kwa heshima ya wakwe. Nikangoja dakika ishirini na tano. Mwalimu Walter akatokea, akawasha taa ya kuonyesha anaingia pembeni, ingawa barabara nzima tulikuwa sisi na mbuzi. Dada yangu akashuka kabla pikipiki haijasimama.

"Cecil yuko wapi?"

"Ametangulia kidogo."

"Kidogo ni wapi?"

"Dada, yuko na Jafari, hawezi kupotea, barabara ni moja."

"Mtoto anatangulia ukweni bila mkubwa? Anakwenda kusema nini? 'Hodi, nimejileta'?"

"Kosa ni la huyu mwalimu wako! Angeendesha kama mtu mwenye damu tungekuwa wote hapa!"

Mwalimu Walter alikuwa ameweka pikipiki kwenye stendi, anaishika injini kwa kiganja kama anapima homa ya mtoto. "Mimi nimekuja kwa mwendo niliosema nitakuja nao," akasema. "Wewe ulisema utakuja na mwendo gani?"

"Nimesema nitakuja mbele!"

"Mbele ya nani sasa?"

Nikapandisha sauti. Nikamwita konokono, nikamwita mlinzi wa makaburi, nikamwambia wanafunzi wake walikuwa wanafeli kwa kuwa alichelewa kuandika ubao. Aliyapokea yote kwa kutikisa kichwa, kisha akatazama saa. "Injini inahitaji dakika kumi. Halafu tunapanda wote watatu, mimi mbele."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini. Nikaona hapana. Nikamwambia Julia nitamkuta kule, nikapiga kiki.

"Baba Glory, ukiondoka hapa peke yako—" alisema, lakini mwisho wa maneno yake niliusikia nusu tu, kwa kuwa nilikuwa kwenye gia ya pili.

Kwa hiyo ndivyo tulivyoingia Newala, mji ulio ukingoni mwa mlima, bonde la Ruvuma likiwa chini yake. Watu watano walioambiwa waje pamoja waliingia mara tatu. Jafari na Cecil walifika saa tatu na dakika kumi. Mimi nilifika saa nne na robo. Dada yangu na Mwalimu walikuwa bado kwenye kona, wakipisha kuku.

Nyumba ya Mzee Nikolao niliitambua kwa pikipiki ya Jafari, iliyokuwa imeegeshwa katikati ya mlango kama ng'ombe. Kutoka ndani nilimsikia Jafari akiongea. Alikuwa akisema, "Mimi? Mimi si ndugu. Mimi ni msafara."

"Na mjomba wa kijana?" sauti nzito ikauliza.

"Anakuja mzee. Pikipiki yake ina umri, na yeye mwenyewe ana mguu."

Nilitaka kuingia nimnyonge papo hapo. Lakini nikajiona kwenye kioo cha pikipiki. Macho mawili ndani ya tofali. Mjomba gani huyo? Nikasema nitazunguka nyuma, ninawe kidogo, niingie kama mtu.

Nyuma ya nyumba, kando ya jiko, palikuwa na ndoo tatu zimefunikwa. Nikafungua moja: maji safi, ya baridi, unaona chini. Sasa mimi ni mtu wa Masasi. Kwangu maji ni kitu kinachotoka mahali, na yakiisha unangoja kidogo yanatoka tena. Nikanawa uso. Uso ukatakata, shingo ikaonekana mbaya. Nikanawa shingo. Shati likaonekana baya. Nikalifuta. Viatu navyo. Ndoo ya pili ilikwenda kwenye mikono na miguu ya suruali. Nikajitazama, nikaridhika, kisha nikaitazama pikipiki yangu, yenye sanduku la zawadi mgongoni, imejaa udongo kama jembe. Mjomba haingii ukweni na chombo kichafu. Nikaikokota hadi pale, nikaimwagia ndoo ya tatu kuanzia tangi hadi cheni, huku napiga mluzi.

Nilipogeuka, msichana alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Mikononi alikuwa na ungo wa mchele uliochambuliwa. Nilimjua kwa picha: Veridiana.

"Shikamoo mjomba," akasema.

"Marahaba mwanangu! Maji yenu matamu, baridi kabisa."

Alizitazama ndoo tatu, moja, nyingine, na ile iliyolala ubavu. Akatazama udongo unavyokunywa. Hapo juu udongo hauchelewi. Ulikuwa umekwisha kuyameza, pakabaki alama tu.

"Yalikuwa ya kupikia," akasema. "Tumepanga foleni tangu jana. Mama amekaa huko mpaka ndoo zikajaa."

"Si mtachota mengine?"

Aliingia ndani na ungo wake, na baada ya hapo nikasikia sauti ya mwanamke, halafu Chimakonde kirefu ambacho mimi Mmakua nilikipata vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kinanihusu.

Nikaingizwa sebuleni. Mzee Nikolao alikuwa mwembamba, ameshika fimbo asiyoihitaji. Mama Veridiana alikuwa amesimama kwenye pazia, hajakaa, na hakuwa na nia ya kukaa. Cecil alikuwa kwenye kona ya kochi, mikono magotini, anaomba radhi kwa macho. Jafari alikuwa amemaliza sahani ya karanga.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mjomba mwenzangu!"

"Marahaba. Bado sijawa mwenzako." Akanionyesha kiti. "Kaa. Umeoga vizuri?"

Jafari akacheka. Ndiye niliyemchagua kwa kicheko, na sasa alikuwa anakitumia.

"Mzee, lile la maji ni bahati mbaya. Vumbi la njia yenu—"

"Njia ni yetu? Nilidhani mmeileta kutoka kwenu, umeivaa yote." Akaweka fimbo magotini. "Niliomba jambo dogo. Watu watano, pamoja, mjomba mbele. Saa tatu nikapokea kijana asiyekuwa na wa kumsemea. Pamoja naye nikapokea huyu, msafara, ambaye amekula karanga za harusi kabla ya posa. Saa nne ikapita. Halafu nasikia mtu anapiga mluzi nyuma ya nyumba yangu, anaosha pikipiki kwa chakula cha wageni. Mama mtu yuko wapi?"

"Yuko njiani. Amepanda kwa mwalimu mmoja—"

"Umemwacha dada yako njiani?"

"Sikumwacha, mzee, nimemtangulia."

Mama Veridiana akacheka kwa pua, kicheko kisichokuwa na furaha hata chembe.

Wakati huo pikipiki ya Mwalimu Walter ikaingia uani. Ikazimwa. Julia akapiga hodi, akavua viatu, akaingia, akaamkia kila mtu kwa jina lake la heshima, akapiga goti mbele ya Mama Veridiana. Mwalimu akaamkia naye, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Julia aliangalia suruali yangu iliyolowa, akatazama sahani ya karanga, na sikuhitaji kumweleza kitu.

"Mama Cecil," Mzee Nikolao akamwambia, kwa sauti ya chini kuliko aliyotumia kwangu, "wewe sina ugomvi na wewe. Lakini nasema mbele yako. Ndoa ina siku zake mbaya. Hawa wawili watagombana, kama watu wote. Siku hiyo tutamwita mjomba wa mume na mjomba wa mke, tukae, tuwapatanishe. Sasa nikae na huyu? Pikipiki tatu zimemshinda kuzifikisha pamoja, kilomita sabini tu. Hao wawili atawafikisha wapi?"

Sikuvumilia. Ningekaa kimya ingekuwa heri, lakini ukimya sikuzaliwa nao.

"Mzee, unatuhukumu kwa ndoo tatu za maji!" nikasema. "Sisi tumekuja kuoa, hatukuja kulinda ndoo. Kwetu Masasi mgeni hatazamwi anapomwaga maji. Na kama huku juu maji hamna, si mteremke? Nani aliwafunga kamba mkae juu ya jabali?"

Cecil alisema, "Mjomba, tafadhali." Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku nzima.

"Wewe nyamaza, napigania ndoa yako!"

"Unaipigania au unaipiga?" Mwalimu Walter akauliza kutoka mkekani.

"Na wewe usinifundishe! Wewe ndiye uliyetuchelewesha! Na wewe," nikamgeukia Jafari, "mwizi wa karanga, nilikubebesha mtoto wa watu ukamkimbiza kama gunia la bangi!"

"Fundi, ulinichagua mwenyewe," Jafari akasema, na safari hii hakucheka. "Mudathiri alikuuliza maswali yote, kijiwe kizima kilisikia. Mimi hukuniuliza hata moja. Uliniambia tu nina miguu ya bata."

Mzee Nikolao alisimama. Alisimama polepole, kama mtu anayefunga ofisi. "Nimesikia ya kutosha. Mama Cecil, kijana wako nimemtazama saa nzima na nusu. Amekaa, hakugusa karanga, hakumsema vibaya mtu yeyote, hata hawa. Kijana sina neno naye. Lakini kwa mjomba huyu simtoi mtu. Kesho nitawajibu wale wa Kitangari."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka jikoni, chuma kikigonga sakafu. Cecil akainuka nusu, akabaki hivyo, hajui kama anaruhusiwa kusimama kabisa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Julia akaufungua mdomo kusema na Mzee Nikolao, kwa taratibu zake, na ningemwacha angesema.

Badala yake nikasimama mimi. Nikatoa ile barua ya posa mfukoni, imelowa pembeni, nikaiinua juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikainua funguo za pikipiki.

"Basi nisikilizeni wote," nikasema. "Mzee, huwezi kunikataa, maana bila mimi hapa hakuna kikao. Huyu mtoto hana kinywa kingine. Dada yangu anajua, ukoo unajua: mwenye kusema ni mjomba, na mjomba ndiye huyu mnayemwona. Mkitaka ndoa, mtanibembeleza nikae. Nikiwasha pikipiki yangu sasa hivi, ndoa nayo imeondoka nyuma yangu."

Nikajiona nimewaweza. Nikamtazama dada yangu, nikingoja anishike mkono aniombe nikae.

Julia aliinuka kutoka chini alipokuwa amekaa, akaja mbele yangu. Siku nzima alikuwa ameniita Baba Glory. Akainyakua ile barua mkononi mwangu, akaipangusa kwa kitenge chake kipya, na kunitazama kama anavyotazama mhogo uliooza.

"Gideoni," akasema, "mama yetu alizaa wanaume wanne. Wewe tulikuchukua kwa sababu una pikipiki."